Mama anameza vidonge vya maji na miguu bado inavimba, tulichokosea sisi hiki hapa (msome kabla hamjaongeza dozi)

Mjukuu_wa_Uru

Wakuu habari za humu ndani. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hamna ugomvi.

Mi naishi Arusha, Sakina, ila bimkubwa yuko Uru kule Moshi na dada yangu mkubwa. Ana miaka 68. Mwaka jana mwishoni akaanza kuchoka, akitoka barabarani kupanda nyumbani anapumzika mara nne njiani, usiku anaamka anakaa kitandani anasema hewa haitoshi. Sisi tukajua ni umri na kile kibaridi cha mlimani. Alipofika kulala kwa mito mitatu ndo tukampeleka, wakampiga picha ya moyo wakasema umetanuka na hausukumi vizuri ndo maana maji yanajaa. Akaanzishiwa furosemaidi ya miligramu 40 kila asubuhi (hii wengi mnaijua kama Lasix), spironolaktoni 25, enalapril (ya presha na moyo) na nyingine ya mapigo. Wiki ya kwanza, aisee. Alikojoa mpaka akawa anacheka mwenyewe, viatu vyake vya kanisani vikaingia, akarudi kwenye mto mmoja.

Baada ya miezi kama miwili miguu ikarudi kuvimba. Unabonyeza na kidole gumba juu kidogo ya kifundo, ukitoa kidole kishimo kinabaki pale pale kama umebonyeza unga wa chapati. Dada akanipigia. Na mimi mjuaji wa familia nikamwambia muongezee, mpe mbili, si dawa ya kukojoa tu hiyo, maji yakiisha tunarudisha. Akaenda duka la dawa akauziwa bila cheti bila swali.

Siku tano mama akakojoa kweli. Siku ya sita alfajiri kaamka aende kujisaidia, kusimama tu dunia ikazunguka, akaanguka mlangoni paji la uso likapiga fremu. Dada anamkuta ulimi umekauka unanata kwenye kaakaa la mdomo, vigimbi vimekakamaa, anaongea maneno hayaeleweki. Nilitoka Sakina na noah ya kwanza, zile kilomita 80 nilizihesabu moja moja.

Hospitali wakatoa damu. Figo zimechoka, kreatinini (ile taka ambayo figo inatakiwa kuitoa kwenye damu) juu. Na hapa ndo pa ajabu, potasiamu ilikuwa IMEPANDA. Mi nilishasoma mtandaoni kwamba vidonge vya maji vinamaliza potasiamu ule ndizi mbivu na parachichi, dada akawa anamshindilia ndizi asubuhi mchana jioni, na Uru ndizi hatununui! Kumbe mama alikuwa na dawa mbili ndani ya zile nne zinazozuia potasiamu isitoke.

Daktari, kijana tu mdogo, hakugomba. Akamwambia dada kesho njoo na kila kitu mama anachomeza na kila kitu mnachotia kwenye chungu. Dada akaja na kikapu. Ndani kuna diklofenaki za magoti, kapewa na jirani, anameza mbili kwa siku wiki ya tatu hiyo. Na kuna kijipakiti cha magadi. Daktari akainua magadi akauliza hii mnatia kwenye nini? Dada akasema kwenye maharage, kwenye kiburu, kwenye makande. Kila siku? Kila siku. Mbona hatuweki chumvi nyingi daktari, tuliambiwa chumvi mama asile, tumepunguza. Daktari akacheka kwa huzuni hivi.

Yaani tulikuwa tunafungua bomba la kutoa maji huku jikoni tunajaza tanki.

Mama yuko nyumbani sasa, karudishwa kwenye kidonge kimoja, diklofenaki marufuku, spironolaktoni imesimamishwa mpaka damu irudiwe. Naomba wenye uzoefu na wataalamu mje, nina maswali bado, halafu najua humu kuna wengine wanaoongeza dozi kama mimi.

---

chalii_wa_Sanawari

Pole sana mkuu. Ila subiri kwanza, magadi ni chumvi? Bimkubwa wangu bila magadi makande hagusi, na ana presha miaka kumi sasa. Umenitisha.

---

Mama_Neema_Pasua

Mi nimebaki kwenye hiyo noah ya alfajiri, najua hiyo safari. Pole kaka.

---

Mfamasia_Mstaafu

Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka mingi, na kisa kama hiki nimekiona kwa sura tofauti tofauti. Nitajibu kwa mpangilio wangu ambao sio mpangilio.

Chalii, ndiyo. Madhara ya chumvi kwa mgonjwa wa moyo yanatoka kwenye sodiamu. Chumvi ya mezani karibu asilimia 40 ya uzito wake ni sodiamu, magadi safi kama yale ya ziwani karibu asilimia 30. Ulimi hausikii chumvi ila figo zinaisikia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, hicho ni kijiko kimoja cha chai kwa KILA kitu ulichokula siku nzima, pamoja na vile vimchemraba vya kuongeza ladha ya mchuzi, mkate, soseji, dagaa wa chumvi. Mama akila magadi mchana na usiku halafu unasema chumvi tumepunguza, mmepunguza ya kwenye kikopo tu.

Sasa kwa nini jambo hili ni kubwa hasa kwa anayemeza Lasix. Kidonge ukimeza kinaanza kazi ndani ya saa moja hivi, kinafanya kazi kama masaa sita mpaka nane. Hata jina lenyewe wanasema lilitokana na hayo masaa sita. Kinachofanya ni kuzuia figo isirudishe chumvi mwilini, chumvi ikienda kwenye mkojo maji yanaifuata, ndo unakojoa. Lakini masaa yakiisha figo inashtuka, inaona nimeibiwa, inaanza kuikamata chumvi kwa nguvu kuliko kawaida muda wote uliobaki wa siku. Kwahiyo mtu akimeza saa moja asubuhi, usiku akala maharage ya magadi, ile chumvi inakuta figo imenyoosha mikono. Maji yote ya mchana yanarudi. Mgonjwa anasema dawa haifanyi kazi, na dawa ya watu imefanya kazi yake vizuri tu.

Diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zake zote. Hizi zinabana damu inayoingia kwenye figo na zinafanya mwili ushike chumvi na maji. Ukichanganya na enalapril (au losartani, lisinopril, kaptopril) na kidonge cha maji, hao watatu wakikaa kwenye mwili mmoja hasa wa mzee ambaye amepungukiwa maji, figo inazima. Kwa maumivu ya magoti aulize daktari wake, mara nyingi parasetamoli kwa dozi sahihi ndo inayoanza. Na msidhani ya kuchoma sindano ni tofauti, ni ile ile.

Ndizi. Hapa kila mtu anakosea maana ushauri umetoka kwenye nusu ya habari. Furosemaidi peke yake, au vidonge vingine vya maji kama haidroklorothayazidi na bendrofluazidi, hizo zinatoa potasiamu, na mtu akikosa anachoka, vigimbi vinakaza, moyo unaruka ruka, na kama anameza digoksini (dawa ya moyo) inakuwa hatari zaidi, anatapika, anaona vitu rangi ya njano. Huyo ndizi na viazi na parachichi vinamfaa. Lakini spironolaktoni inafanya kinyume, inaibakiza. Enalapril nayo inaibakiza. Figo zikidhoofu inabaki zaidi. Potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Kwahiyo swali la "nile ndizi nisile" halijibiwi na jirani, linajibiwa na karatasi ya damu. Ukianzishiwa dawa hizi au ukibadilishiwa dozi, wiki moja mpaka mbili baadaye urudi upimwe potasiamu, sodiamu na kreatinini. Usipopewa hiyo tarehe, iulize wewe. Na ile chumvi mbadala ya kwenye supamaketi wanayosema ni salama kwa presha, soma pakiti, nyingi zina potasiamu.

---

Mjukuu_wa_Uru

Mkuu ubarikiwe. Hiyo ya figo kushtuka ndo sijawahi kuisikia popote. Mama usiku ndo mlo wake mkubwa.

---

Tausi_wa_Njiro

Naomba niulize tofauti kidogo, mi siumwi moyo. Nina sendoff wiki tatu zijazo na gauni halifungi. Rafiki yangu kaniambia anameza hizi za maji tatu kwa siku na kapungua kilo nne kwa wiki. Kuna ubaya kwa muda mfupi tu?

---

chalii_wa_Sanawari

Dada utavaa gauni ukiwa umelala wodini 😂

---

Nesi_wa_Zamu

Chalii acha masihara. Tausi mdogo wangu, kilo nne hizo ni ndoo ya maji, hamna hata gramu ya mafuta hapo. Akiacha zinarudi, na mara nyingi zinarudi na uvimbe juu yake maana figo zimezoea kukamata, ndo anaogopa anameza tena. Nimempokea binti wa namna hiyo kaletwa na bodaboda kutoka saluni, kazimia kwenye draya ya nywele. Potasiamu ilikuwa chini mno mapigo yanaruka mstari kwenye mashine. Mpigie fundi aliongeze gauni kiunoni.

---

Tausi_wa_Njiro

Dah. Sawa dada. Fundi kaniambia kitambaa kipo.

---

Mama_Neema_Pasua

Kwangu ilikuwa hivi. Nina presha, nikabadilishiwa dawa nikawekwa kwenye amlodipini, presha ikakaa vizuri kabisa. Baada ya mwezi vifundo vikavimba, jioni soksi inaacha alama kama kamba. Nikanunua mwenyewe Lasix, nikameza wiki mbili, nikawa nakojoa kutwa nzima sokoni Mbuyuni mpaka mwenzangu wa meza ya pili akachoka kuniangalizia nyanya, na vifundo havikupungua HATA KIDOGO. Nikaja kuambiwa kliniki ni amlodipini yenyewe inafanya hivyo kwa baadhi ya watu, inalegeza mishipa midogo maji yanachuruzika kushuka miguuni, mwili haujazidiwa na maji. Kwahiyo mi nilikuwa najikausha mwili mzima nikitafuta maji ambayo Lasix haiyawezi. Wakanipunguzia dozi na kubadilisha kidogo, vifundo vikarudi kawaida.

---

Mfamasia_Mstaafu

Mama Neema umeua. Hii ya amlodipini nimeiona mara nyingi mno, dawa moja inazaa dawa nyingine. Ndo maana miguu ikivimba swali la kwanza ni maji haya yametoka wapi. Moyo? Figo? Ini? Dawa? Kukaa kwenye kiti kutwa? Na mguu MMOJA ukivimba ghafla, una joto, shavu la mguu linauma, huyo asiguse kidonge cha maji, akimbie hospitali inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.

---

Baba_Junior_Usa

Wife ana mimba ya miezi nane, miguu imejaa, shemeji yake kamletea hizo hizo. Tumpe?

---

Nesi_wa_Zamu

HAPANA. Baba Junior acha kusoma kwanza. Kuvimba kwa mjamzito hakutibiwi kwa kidonge cha maji nyumbani. Kesho asubuhi mpeleke kliniki ya wajawazito apimwe presha na mkojo uangaliwe protini. Akiwa na kichwa kinachouma sana, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono vimevimba, usisubiri kesho, ni sasa hivi usiku huu.

---

Baba_Junior_Usa

Kichwa kinamuuma tangu jana. Naita gari.

---

Konda_Mstaafu

Tukimsubiri Baba Junior atuambie kafikaje, mi nitoe la safari maana halisemwi. Mzee wangu ni mgonjwa wa moyo, anaishi Dar kwa kaka, Desemba lazima aje Marangu kama Wachaga wote. Basi linaondoka alfajiri, mwendo ni kutwa, na mzee anajua akimeza kidonge asubuhi itabidi asimamishe gari kila mara baada ya Msata, na konda wa siku hizi kuchimba dawa ni Korogwe au Mombo anakokula yeye. Sasa mzee akaamua haimezi siku ya safari. Kesho yake kwenye shughuli hakumeza tena maana choo cha wenyeji kiko mbali na watu wengi. Siku ya tatu ibada hakumeza. Usiku wa siku ya nne tunamkuta kakaa dirishani kafungua vioo na baridi yote ile ya Marangu, anahema kama katoka kukimbia, anakohoa mapovu. Tulimshusha na pikapu ya jirani.

Alivyopona daktari akamwambia siku ya safari usiruke, sogeza. Ukifika saa kumi jioni meza saa kumi. Utaamka usiku mara mbili tatu lakini uko nyumbani. Tangu hapo ndo tunafanya hivyo, na tunamkatia siti ya karibu na mlango.

---

Nesi_wa_Zamu

Hiyo kusogeza ni nzuri, mpango mwenyewe kila mtu aukubaliane na daktari wake kabla ya safari maana wengine wanameza mara mbili. Kwa siku za kawaida, asubuhi ndo muda wake, na kama kuna dozi ya pili isivuke saa tisa, saa kumi alasiri, la sivyo mzee anakesha chooni gizani na huko ndo wanakovunjikia nyonga. Weka ndoo au kopo karibu na kitanda, taa iwepo, na akae ukingoni mwa kitanda kwanza ahesabu mpaka ishirini ndo asimame. Ukisahau dozi usimeze mbili kufidia.

Na kitu kingine, mgonjwa akipata kuhara au kutapika, homa kali, hali wala hanywi, piga simu kliniki siku hiyo hiyo maana mara nyingi kidonge cha maji na enalapril vinasimamishwa siku mbili tatu mpaka arudi kula. Kuendelea kumeza huku anahara ndo njia fupi ya kuua figo.

---

Mti_Mkavu

Ninyi mnazunguka tu. Dawa za hospitali ndo zinaua figo zenyewe, mama zetu walikuwa wanachemsha mizizi na mbegu za parachichi wanakojoa vizuri na hakuna aliyekufa. Leo kila mzee anameza mfuko wa vidonge.

---

Mfamasia_Mstaafu

Mkuu walikufa, ila tulisema wamerogwa au wamechoka moyo. Majani yapo yanayokojesha kweli, sibishi. Shida hujui kikombe cha leo kina nguvu kiasi gani na cha kesho kiasi gani, na mgonjwa anakunywa juu ya furosemaidi bila kumwambia daktari. Dawa yoyote unayokunywa ya mti ipeleke kwenye kile kikapu pamoja na vidonge.

---

Mti_Mkavu

Na foleni ya kliniki? Mtu anatoka Rombo saa kumi usiku anamwona daktari saa nane mchana dakika tatu, anaambiwa endelea na dawa. Mguu ukivimba katikati ya mwezi mnataka afanye nini kama sio kujiongezea?

---

Nesi_wa_Zamu

Hapo una hoja na sitakudanganya. Dakika tatu ni kweli. Ndo maana mi nawaambia watu wanunue mzani wa kusimamia, ule wa chini. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo zile zile nyepesi, mzani ule ule sehemu ile ile, aandike. Uzito wa maji unaonekana kwenye mzani kabla haujaonekana mguuni. Ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, mtu hanenepi kwa siku tatu. Nenda na hilo daftari kwa daktari hizo dakika tatu zako zitakuwa na maana. Wapo wagonjwa ambao daktari anawaandikia kabisa uzito ukifika hapa ongeza nusu kwa siku tatu, ukishuka hapa punguza. Hiyo ni kujiongezea kwa ruhusa na kwa namba, tofauti na kuongeza kwa kuangalia soksi. Omba uandikiwe.

---

Mjukuu_wa_Uru

Hili la mzani ndo daktari alimwambia dada. Tumenunua, tumeuweka kwenye sakafu ya saruji sebuleni maana chumbani kuna zulia unadanganya. Dada anaandika kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni, kila kijisanduku cha siku kina namba. Wiki ya kwanza 58.5, 58.4, 58.9, 58.6. Juzi ikaruka 60 kamili, nikapigiwa simu moyo ukanidunda, kumbe mama kapanda na kanga mbili na sweta kwasababu ya baridi 😂

---

Arifu_Ngarenaro

Naingia kwa ID mpya maana hii ni ya aibu kidogo. Mi mwanaume, 54, nina moyo, nimewekwa spironolaktoni tangu mwaka jana. Sasa kifua kimeanza kuvimba kwenye chuchu na kuuma, shati la kubana sivai tena. Nimeacha kuimeza kimya kimya wiki mbili. Ni yenyewe au nina kitu kingine?

---

Mfamasia_Mstaafu

Aibu hamna, kwa maelezo hayo inawezekana sana ni yenyewe. Dawa hii inagusa pia homoni. Kwenye utafiti mkubwa wa RALES uliotoka 1999, karibu mwanaume mmoja kati ya kumi aliyeimeza alipata hilo tatizo. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwa wenye moyo uliodhoofu sana vifo vilipungua kwa asilimia 30, kwahiyo usiitupe kimya kimya ukabaki bila kitu. Nenda kamwambie daktari kama ulivyosema hapa, akushike kifua aangalie hakuna uvimbe mwingine, halafu kuna ndugu yake inaitwa eplerenoni haina sana hilo tatizo, ila bei imesimama kidogo ulizia na bima kama wanaikubali.

---

Arifu_Ngarenaro

Mzee nashukuru. Nilikuwa naoga na taa imezimwa wife asione.

---

Mzee_wa_Mbege

Mi kidole gumba cha mguu kinawaka moto, hata shuka likigusa napiga kelele. Nameza haidroklorothayazidi ya presha. Wananiambia nimetegewa kitu njiani.

---

Mfamasia_Mstaafu

Umetegewa na mbuzi choma na kata ya mbege mzee wangu. Vidonge vya maji vinapandisha asidi ya yuriki kwenye damu, ukijumlisha na nyama na pombe inaganda kwenye kiungo, ndo gauti. Mwambie daktari apime na aangalie kama presha inaweza kupata dawa nyingine. Na usikimbilie diklofenaki, umeshasoma juu ilichomfanyia mama wa watu.

---

Baba_Junior_Usa

Wakuu nimerudi. Presha 160/110, protini kwenye mkojo ipo. Kalazwa, wamempa sindano za kuzuia degedege, wanasema huenda wakamtoa mtoto wiki hii. Vile vidonge nimemrudishia shemeji.

---

Nesi_wa_Zamu

Asante Mungu umeita gari. Kaa naye, ukiona anaanza kutetemeka au anaona giza ita nesi hapo hapo.

---

Mjukuu_wa_Uru

Mrejesho wa mwisho kwa upande wangu. Damu ya mama imerudiwa jana. Kreatinini imeshuka karibu na pale ilipokuwa, potasiamu iko ndani ya mstari, spironolaktoni inarudishwa nusu kidonge halafu damu tena baada ya wiki. Jana nilimkuta barazani anachambua mchele, kabonyezwa mguu na mjukuu kama mchezo, kishimo hakikai.

Kazi imebaki jikoni. Makande bila magadi kala vijiko vitatu akasukuma sahani akasema haya ni ya wafungwa, na maharage yanachukua kuni masaa manne. Dada kachoka. Mwenye ujuzi wa kulainisha maharage bila magadi asaidie.

---

Mama_Neema_Pasua

Kaka, maharage myaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, osha, weka mapya. Mkichemsha yakapiga povu mwaga tena mara moja. Chagua ya msimu huu, yale ya zamani yaliyokaa gunia mwaka mzima hata uyapige nyundo. Na yakishalainika ndo utie kitunguu kingi, tangawizi, pilipili hoho, ndimu kidogo mwishoni, ulimi wa mzee unadanganyika. Usianze na nyanya wala ndimu mapema yatakuwa magumu. Wiki mbili za kwanza atanung'unika, baba mkwe wangu alinuna mpaka Pasaka.

---

chalii_wa_Sanawari

Nimeloweka debe zima. Bimkubwa ananiuliza nani kafa.